Nguo na Ngozi: Lisilosemwa katika Tungo Zetu za Mavazi

Miaka kadhaa iliyopita niliombwa, pamoja na wenzangu wawili, kuzisoma na kuzipambanua tungo za vijana zilizoletwa katika shindano dogo la ushairi hapa kisiwani. Tungo zilikuwa nyingi, nasi tulikuwa watu watatu wenye kazi nyingine za kutafuta riziki. Basi tulizisoma usiku, baada ya sala ya Isha, kila mtu nyumbani kwake, tukiandika pembezoni mwa karatasi neno moja au mawili ya hukumu. Katika fungu langu lilikuwamo shairi la mvulana wa sekondari. Lilihusu kanzu. Sikulipitisha. Pembeni niliandika maneno mawili tu: "Mada ndogo."

Makala haya nayaandika ili kuyafuta maneno hayo.

Shairi lenyewe lilikuwa tarbia ya beti saba. Mtoto amevishwa kanzu mpya kwa ajili ya maulidi ya mtaani kwao. Kanzu ni ya tetroni, shingo yake imejaa darizi ya mashine, na kwa ndani, huko ambako jicho la mtu halifiki, nyuzi za darizi hiyo zimeachwa na ncha zake. Amepangwa safuni bega kwa bega na wenzake, hawezi kujikuna wala kujigeuza. Shingo inamuwaka moto. Machozi yanamtoka. Mzee mmoja anayaona machozi yale, na kwa sauti ya kusikika anasema kwamba mtoto huyu ana mapenzi ya kweli na Mtume. Watu wanamgeukia, wanamstahi. Katika ubeti wa mwisho mtoto yuko nyumbani, kanzu ameivua, naye anaona haya kwa sifa aliyopewa bila ya kuistahiki, akimuomba Mola wake amjaalie siku moja machozi ya haki.

Nalilisoma shairi hili kwa haraka, nikadhani kijana anayafanyia mzaha maulidi. Na pale ambapo sikudhani mzaha, niliona udogo: kanzu inawasha, basi? Mimi sikupita chuo chochote kikuu. Ushairi nimejifunza kwa kusikiliza barazani, kwa kunakili madaftari ya wazee na kwa kuazima vitabu ambavyo vingine, Mungu anisamehe, sijavirejesha. Mtu aliyejifundisha mwenyewe aghalabu huwa mlinzi mkali wa mlango ambao yeye aliuingia kwa taabu. Nilikuwa nimekariri orodha ya mada kubwa: dini, mawaidha, mapenzi, siasa, mauti. Mwasho wa shingo haukuwamo.

Lakini shairi lile halikuniacha. Kila nikisoma utungo wa zamani au wa sasa unaotaja vazi, nalijikuta najiuliza swali ambalo mvulana yule alinilazimisha kujiuliza: nani anasema hapa, mtazamaji au mvaaji? Na jibu, mara nyingi mno, lilikuwa mtazamaji.

Hebu tuyatazame mavazi kama yalivyo katika lugha yetu. Nguo kwetu ni sitara. Ndiyo maana tukasema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nguo ni pambo. Nguo ni cheo, na katika mji kama huu wetu, ambao kwa karne nzima ulipanga watu kwa vile walivyovaa, nguo ilikuwa hata hati ya uungwana. Kaniki, kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi nyeusi ya nili, na merikani, kile kitambaa kizito kisichopaushwa ambacho hapo mwanzo kilitoka katika viwanda vya Massachusetts, ndivyo vilivyokuwa mavazi ya watumwa na mafakiri. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka 1897, wanawake wengi waliotoka utumwani waliitupa kaniki na kujitwalia kanga, na baadaye buibui. Hawakuwa wakibadilisha kitambaa tu, walikuwa wakibadilisha jina waliloitwa na dunia.

Sitara, pambo, cheo: mambo yote matatu yako katika jicho la anayetazama. Hata maneno tunayotumia kulisifu vazi ni maneno ya jicho. Twasema nguo imemkaa, imempendeza, imemtoa. Anayesema "imekukaa" ni yule aliyesimama mbele yako. Wewe uliyemo ndani huulizwi.

Angalia kisa mashuhuri cha Siti binti Saad, binti wa Fumba aliyeuza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay kurekodi santuri mwaka 1928. Wenye kumhusudu walimtungia wimbo wa kumbeza, wakimkumbusha kwamba alikuja mjini na kaniki. Yeye akawajibu kwa wimbo, hoja yake ikiwa kwamba thamani ya mtu haiko katika sura wala katika mapambo bali katika akili yake. Ni jibu zuri mno, na limewashinda waliomtukana, kwani wao wamesahauliwa na yeye anaimbwa mpaka leo. Lakini tazama vilevile jinsi mchezo wenyewe ulivyokuwa. Wabeuzi waliisoma kaniki kwa jicho, na Siti akawaambia jicho si hakimu. Hakuna aliyesema kaniki ile ilikuwaje mwilini mwa msichana anayetembea na vyungu kutoka Fumba hadi mjini juani. Yumkini ilimfaa kwa kazi hiyo kuliko hariri zote za wabeuzi wake. Yumkini ilimchubua. Hatujui, kwa sababu halikuwa jambo la kuimbwa.

Turudi nyuma zaidi, kwa mama wa tungo zetu za mawaidha, Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemtungia binti yake utendi wake mwaka 1858. Katika usia ule mna mafunzo ya kujipamba: vito, manukato, usafi wa mwili, namna ya kujiweka mbele ya mume na mbele ya watu. Kila pambo lina mtazamaji wake. Sasa msomaji mpenzi, hapa pana jambo ambalo sikuliona mpaka nilipousoma utendi huo kwa mara ya kumi au zaidi. Mwana Kupona anauanza usia wake akiwa mgonjwa, na maradhi yake anayataja kama mtu anayeyajua kwa ndani, kwa muda yaliomkaa na uzito wake. Yaani mwili unaougua tunausikia kwa kinywa cha mwenyewe, bali mwili uliovaa tunaoneshwa kwa jicho la mwengine. Na mwili ni huo huo mmoja. Simlaumu Mwana Kupona, kwani alikuwa anamwachia mwanawe silaha za kuishi katika nyumba za zama zile. Nasema tu kwamba mpaka uliochorwa hapo, sisi tuliokuja baada yake hatukuuvuka.

Nisije nikaonekana nawakosoa wafu kwa kuwa hawana uwezo wa kujibu, nitaleta ubeti wangu mwenyewe. Niliutunga ujanani, ukasomwa katika harusi mbili tatu, na kwa muda nikauona ni miongoni mwa vilivyo bora katika daftari langu:

Buibui kajitanda, mithili mwezi winguni,
Kwa madaha ameenda, harufu yake njiani,
Sitara yake kulinda, ni pambo lake mwilini,
Ni nani asiyependa, apitapo mtaani?

Vina vimetimia, mizani haikupungua. Lakini jioni moja nilimsomea mke wangu, naye alikuwa ndiyo kwanza anarudi sokoni, kaskazi limepamba moto, buibui bado liko begani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Bwana, na huyu aliyemo ndani, yeye alikuwa anahisi nini?" Sikuwa na jibu. Mishororo minne, na katika yote minne mimi nimesimama ukumbini namtazama mtu akipita. Mwezi hautoki jasho.

Tusikimbilie, hata hivyo, kuangukia upande wa pili, maana huko nako kuna shimo. Wako waandishi, wengi wao wageni, na wengine ni wenzetu waliowasoma sana wageni, ambao kwao buibui ni gereza na aliyelivaa ni mfungwa. Husemwa kwamba hao wanampa mwanamke sauti. Mimi naona wamesimama ukumbini pale pale niliposimama mimi, ila wao wamekunja uso. Mmoja amesema mwezi, mwengine amesema gereza, na hakuna kati yetu aliyebisha hodi. Ninawajua ndugu wawili wa tumbo moja. Mmoja, akitoka bila ya buibui, hata kwenda duka la jirani, huhisi kama amesahau kitu, mikono haijui iwekwe wapi. Joto lake analijua, na analiona ni bei ndogo kwa utulivu anaoupata. Nduguye huvaa vazi lile lile, la kitambaa kile kile na fundi yule yule, akahisi pumzi inamwishia mpaka alivue. Nani kati yao msema kweli? Wote wawili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na raha ya vazi vilevile. Mshairi anayetaka kuandika juu ya buibui hana budi kwanza kuamua anamwandika ndugu yupi, badala ya kuliandika buibui lenyewe kama kwamba linajivaa.

Hapa ndipo kazi yangu ya pili, ya kutafsiri, iliponifundisha jambo. Niliwahi kupewa kijitabu cha kuwasaidia wazazi wa watoto wenye usonji, nikitafsiri kwa Kiswahili chepesi. Sura moja ilihusu mavazi. Ilisema, kwa ufupi, kwamba mzazi amchagulie mtoto nguo ambazo mtoto mwenyewe anaona raha kuzivaa. Sentensi fupi, nami ilinikalia siku mbili. Niliandika "nguo za starehe", nikaifuta, kwani msomaji angedhani ni nguo za kwendea matembezini na ngomani. Niliandika "nguo za raha", ikawa mbaya zaidi. Nikagundua kwamba kwa adha tuna vitenzi tele: nguo huwasha, huchoma, hubana, hukwaruza, hupwaya, huchubua. Kwa upande wa pili, hali ya nguo kuwa na amani na mwili, tuna "laini" na "nyepesi", ambazo ni sifa za kitambaa, si za mtu. Na hilo neno starehe limebeba mzigo wa lawama: mtu wa starehe si mtu wa kuozeshwa binti. Mwishowe niliandika "nguo ambayo mwili wa mtoto unaikubali", kwa kuwa ndivyo tusemavyo juu ya dawa na chakula, kwamba mwili umekikubali au umekikataa. Nilijiona nimeshinda. Kumbe nilikuwa nimejisomea hukumu yangu.

Maana nina binti. Alipokuwa na umri wa miaka sita au saba, kila Idd katika nyumba yetu ilianza kwa ugomvi. Gauni lilikuwa la lasi, na kwa ndani lilikuwa na bitana ngumu ya nailoni. Mama yake na mimi tulijinyima ili lipatikane. Mtoto hakulitaka. Akilia, tukimvisha. Akijitupa chini, tukimwinua. Mimi nilimwambia maneno ambayo naamini kila mzazi wa pwani amewahi kuyasema: "Utaizoea." Na siku moja nilimpiga kofi, asubuhi ya Idd, mbele ya wageni. Picha ya siku ile ipo. Ameng'ara kama ua. Kila aliyeiona alisema nguo imemkaa.

Alipokuwa mkubwa, nami nimo katika kazi ya kile kijitabu, nilimsomea sentensi yangu ya ushindi kuhusu mwili kukubali. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema: "Baba, lile gauni lilikuwa kama mumenipaka upupu, halafu mkanambia niwaamkie wageni." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetoa taarifa iliyochelewa.

Binti yangu hana usonji, wala sitaki msomaji adhani kwamba kila mwenye ngozi nyepesi ni mgonjwa. Lakini kijitabu kile kilinifungua macho juu ya tofauti zilizopo baina ya watu. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, uliingiza hisia kali au hafifu za mguso, sauti na mwanga miongoni mwa alama za usonji. Temple Grandin, mwanasayansi wa Marekani mwenye usonji na mwandishi wa vitabu kadhaa, ameeleza jinsi nguo za kwendea kanisani utotoni zilivyomuwasha na kumkwaruza, na kwamba pale ambapo watu wengi huizoea nguo mpya kwa dakika chache, yeye nguo mpya ya ndani humchukua siku tatu hadi nne. Siku tatu hadi nne! Na mimi nilimpa mwanangu muda wa kufika msikitini.

Hata kwa sisi wengine, ngozi haisemi lugha moja. Watafiti wa sufu nchini Australia walionesha katika miaka ya 1980 kwamba mwasho wa nguo ya sufu hauna haja ya kuwa mzio: unyuzi ukizidi unene wa takriban mikromita 30, ncha yake haipindiki upesi, huisukuma ngozi na kuziamsha neva zile zile zinazopeleka habari ya maumivu. Na watu hutofautiana katika kuzihisi ncha hizo. Zipo pia neva nyengine za polepole, ambazo huitika zaidi kwa mguso mwepesi wa kupapasa, wenye joto la ngozi ya binadamu. Yaani mwili umeumbwa na njia ya kuupokea mkono wa mama, na njia ya kuukataa mwiba. Vazi hupita katika njia hizo mbili kutwa nzima, na kila mtu njia zake ni zake. Tunapomwambia mtoto "utaizoea," tunazungumza juu ya ngozi yetu, si yake.

Je, ushairi wetu umeshindwa kabisa kuisikia ngozi? La. Ningesema hivyo ningekuwa mwongo. Chukua Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Matajiri wa Pate wanaonekana kwanza kwa jicho, katika fahari na maringo yao. Lakini mshairi haishii hapo: anawalaza, na vitanda vyao na mito yao tunaihisi ulaini wake, kisha anawapeleka kaburini, na huko mchanga unawabana na nyama zao zinaharibika. Huo si ushairi wa jicho. Mtu akiusoma, ubavu wake mwenyewe hushituka. Sayyid Abdalla alijua kwamba ngozi ni mlango wa kupitishia mawaidha mazito kabisa. Ila kwake ulaini ni mtego wa dunia, na ugumu ni ukweli wa akhera, na nadhani ni kwa shule kama hiyo neno starehe lilianza kutazamwa kwa kijicho cha pembeni. Tulirithi kutoka kwake khofu ya ulaini, tukaiacha ile stadi yake ya kuuhisi.

Ukitaka kuyaona yote mawili katika kitu kimoja, jicho na ngozi, tazama kanga. Kanga ndiyo utungo unaosomwa zaidi kuliko diwani zote za pwani: pindo, mji na jina, na jina hilo ni shairi la mshororo mmoja. Desturi ya kutia maneno huhusishwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kwa jina la Abdulla. Wahakiki wengi wameandika juu ya maneno ya kanga, mafumbo yake na vijembe vyake, na wameandika vizuri. Lakini maneno hayo anayasoma nani? Huandikwa mgongoni kwa mvaaji. Anayeyasoma ni jirani, mke mwenza, mpita njia. Hapo tena tumerudi kwenye jicho.

Mvaaji ana usomaji wake. Kanga mpya ni ngumu, ina dawa ya kiwandani, na aliyeijua kanga huiroweka na kuifua kabla hajaiweka mwilini. Kila ikifuliwa hulainika, na kila ikilainika rangi hupungua na maneno hufifia. Hufika siku ambapo jirani hawezi tena kusoma chochote, na siku hiyo ndipo mwenyewe huanza kuipenda kweli: ndiyo ya kulalia, ya kumfunika mchanga, ya kujifunga mtu akiwa na homa. Katika Macbeth, tamthilia ambayo S. S. Mushi aliifasiri kwa jina la Makbeth mwaka 1968, Banquo anasema juu ya rafiki yake aliyepandishwa cheo kwamba heshima mpya ni kama nguo mpya, haishiki umbo la mwili ila kwa kutumiwa. Bibi zetu wasingehitaji kufunzwa hilo na mtu wa Uingereza. Kanga huanza kumfaa mwenyewe pale maneno yake yanapoanza kumpotea msomaji. Sijui kanuni ya uhakiki iliyo bora kuliko hiyo katika mada hii.

Nawaomba nini washairi wenzangu? Si kwamba tuandike malalamiko ya lebo na mishono. Shairi la kulalamika likikosa jambo jengine ndani yake huwa ni barua kwa fundi cherehani. Shairi la mvulana yule lilikuwa na kasoro zake: vina viwili vilikuwa vya kulazimisha, na ubeti wa tano ulirudia wa nne. Lakini lilifanya jambo ambalo tungo nyingi za wakubwa haziwezi. Liliuweka upande wa ndani wa vazi na upande wa nje katika mtoto mmoja, kwa wakati mmoja, kisha likaonesha jinsi watu wema, kwa nia njema kabisa, wanavyoweza kuyasoma machozi ya mtu kinyumenyume. Hiyo si mada ndogo. Mimi niliisoma karatasi yake kama mzee yule alivyoyasoma machozi yake, ila mzee alikosea kwa kusifu nami nikakosea kwa kudharau.

Mama yangu alipofariki, ndugu walikusanyika kugawa vilivyokuwamo sandukuni. Doti mpya zilikuwa nyingi, nyengine hazijakatwa, na ziligawiwa kwa haki. Ikabaki moja kuukuu, ya kulalia, ambayo hakuna aliyeinyoosheia mkono. Binti yangu akaiomba. Anayo mpaka sasa. Kwa sauti ya mama nimeitungia ubeti huu:

Kanga yangu ya zamani, maandishi yafutika,
Kwa wapitao njiani, hakuna la kusomeka,
Bali nikivaa ndani, ngozi yangu yaridhika,
Nguo njema ni mwilini, si machoni kusifika.

Mshororo wa nne, nakiri, bado unanuka mahubiri. Umri wa mtu hauachi mazoea yake kwa siku moja. Nilimsomea binti yangu, naye akasema mishororo mitatu ingetosha.

Ama kijana wa kanzu, jina lake silikumbuki, na karatasi zilikwisharejeshwa. Atakuwa mtu mzima sasa. Ikiwa bado anaandika na kurasa hizi zikamfikia, namuomba avirekebishe vile vina viwili, aufute ubeti wa tano, na alilete shairi lake tena.